Habakuki na Maombi Yasiyojibiwa

Mtu akiugua muda mrefu, au akikaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto, wanaokuja kumwona huwa na maneno tayari: Mungu hachelewi, wewe endelea kuomba tu. Maneno hayo yanaweza kuwa kweli tupu. Huumiza pale yanapomziba mdomo mwenye shida, akaanza kuamini kwamba kuuliza "mpaka lini?" ni dalili ya imani haba.

Biblia haimzibi mdomo. Ina kitabu cha sura 3 tu kinachoanza na malalamiko ya mtu aliyeomba mpaka akachoka, naye ni nabii Habakuki. Wasomi wengi huuweka ujumbe wake karibu na mwaka 605 KK. Mfalme Yosia, aliyeirekebisha ibada ya Yuda, alikuwa ameuawa Megido mwaka 609 KK, na muda si mrefu kiti cha enzi kikakaliwa na mwanawe Yehoyakimu. Huyu ndiye ambaye nabii Yeremia anamshutumu kwa kujijengea jumba la fahari huku akiwadhulumu vibarua ujira wao. Haki ilikuwa imepindishwa, na Habakuki akamwuliza Mungu kwa nini anatazama tu.

Jibu lilikuja, ila lilikuwa zito kuliko swali. Mungu alisema anawainua Wakaldayo, watu wa Babeli, kuiadhibu Yuda. Hao ndio walioyapiga majeshi ya Misri huko Karkemishi mwaka 605 KK, na ukatili wao haukuwa siri. Nabii akauliza tena: inakuwaje mwovu ammeze aliye afadhali kuliko yeye? Hapa tusipite haraka. Tumezoea kudhani kwamba kinachotutesa ni ukimya wa Mungu, na kwamba akinena tu tutatulia. Habakuki alijibiwa na bado hakuelewa. Tumaini lake ilibidi lisimame juu ya kitu kingine zaidi ya maelezo.

Tazama alivyofanya. Kwanza, malalamiko yake aliyapeleka kwa Mungu mwenyewe. Aliyekwisha kumkatia Mungu tamaa haombi tena. Anayemlilia, hata kwa uchungu, bado anakiri kwamba neno la mwisho ni lake. Pili, alisimama kwenye zamu yake kungoja, na katika kungoja akapewa kazi: ayaandike maono ya hukumu ya Babeli kwenye vibao, yasomeke kwa urahisi. Kwa hiyo kumngoja Mungu si kukunja mikono. Mgonjwa anayeombewa ameze dawa zake na asiache kliniki. Anayeomba kazi aendelee kupeleka barua za maombi.

Tatu, aliimba. Sura ya mwisho ni sala iliyotungwa iimbwe, na mwisho wake kuna maelekezo kwa kiongozi wa waimbaji kuhusu vyombo vya nyuzi. Humo nabii anataja mtini usiochanua, mzabibu usiozaa, mzeituni uliokataa kuzaa, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na kondoo na banda lisilo na ng'ombe. Isome orodha hiyo kwa jicho la mkulima wa Yuda. Bila zeituni hakuna mafuta ya chakula wala ya taa. Bila nafaka hakuna mkate. Zizi likiwa tupu, maziwa na sufu vimekwisha, na akiba ya nyumba nayo imekwenda. Hiyo ni njaa kamili. Nabii anasema hata hapo atamfurahia Mungu, wala haongezi kwamba mavuno yatarudi msimu ujao. Hapo ndipo kumtumaini Mungu kunapoachana na kutumaini matokeo.

Tena wimbo huo haukuwa wa chumbani, ulikuwa wa kusanyiko. Katika makanisa yetu mengi, kipindi cha ushuhuda ni cha waliopona, waliofaulu na waliopata. Anayengoja bado hukaa kimya, akajiona yeye peke yake ndiye aliyesahauliwa. Kitabu hiki kinampa nafasi katikati ya waimbaji, na swali lake likiwa bado mkononi.

Yerusalemu ilianguka mwaka 586 KK, na Babeli nayo ikaangushwa na Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539 KK. Kama Habakuki alinena karibu na 605, kati ya neno lake na hukumu ya Babeli ilipita miaka zaidi ya 60, na yamkini hakuishi kuiona. Anayeomba leo bila kuona jibu hana sababu ya kujilazimisha kukiri kwamba amepokea. Amwambie Mungu hali ilivyo, afanye kazi iliyo mbele yake, asijitenge na wanaoabudu. Nasi tulio karibu naye tuache kuipima imani yake. Tukae naye, tuombe naye, na siku atakayokosa nguvu za kuomba, tumwombee sisi kwa kupokezana.