Nani Humwambia Mbinzo Ateremke?

Msimu ukifika, masoko ya Kisangani, mkoani Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hujaa mabeseni ya mbinzo: viwavi weusi waliokaushwa kwa moshi, wanaopimwa kwa kopo na kubishaniwa bei kama kitoweo chochote cha maana. Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza kwamba gramu 100 za viwavi wakavu wa Afrika ya Kati zina wastani wa gramu 53 za protini. Wakipikwa kwa mafuta ya mawese na kuliwa kwa lituma, yaani ndizi za kupondwa, hakuna anayeulizia nyama.

Mmoja wa wanaotafutwa sana ni Imbrasia oyemensis, kiwavi wa nondo mkubwa anayekula majani ya sapeli, mti ambao wakata mbao huuita pia lifaki. Sapeli uliokomaa huweza kupita mita 45 kwenda juu, na sehemu kubwa ya shina lake haina hata tawi la kushika. Kuukwea kwa ajili ya kikapu cha viwavi ni kuhatarisha shingo, kwa hiyo wanakijiji husubiri. Viwavi hula huko juu kwa wiki kadhaa. Kisha, katika muda wa siku chache tu, huacha kula na kuteremka kwa wingi kutafuta udongo wa kujifukia. Hapo ndipo vikapu hutolewa.

Je, nani huwaambia kwamba siku imefika? Hakuna kiongozi mtini, wala mama wa kuwafundisha. Nondo waliowataga walikufa zamani. Habari hiyo hutoka ndani ya kila kiwavi, husafiri katika damu yake kwa kiasi kidogo mno cha kemikali, na kila seli ya mwili huipokea kwa namna yake.

Mtu wa kwanza kuinasa habari hiyo alitumia uzi. Stefan Kopeć, mwanabiolojia wa Poland, alichukua viwavi wa nondo wa Ulaya na kuwafunga kiunoni kwa nguvu hadi damu ya mbele isipite nyuma. Alipowafunga mapema, nusu ya mbele iligeuka pupa, nayo nusu ya nyuma ikabaki kiwavi. Alipochelewa siku chache, nusu zote mbili ziligeuka. Alipoutoa ubongo mapema, mnyama hakugeuka kabisa; alipokata mishipa ya fahamu peke yake, aligeuka kama kawaida. Mwaka 1917 Kopeć alitangaza hitimisho lake: ubongo wa mdudu hutoa kitu kinachoingia katika damu, na kitu hicho ndicho kinachoanzisha mageuzi. Wakati huo wataalamu wengi walikuwa bado hawajakubali kwamba wadudu wana homoni hata moja, na kazi yake ilipuuzwa kwa miaka mingi.

Leo kitu hicho kinajulikana. Ni protini ndogo, inayofupishwa PTTH, ambayo seli chache za ubongo huiachilia kiwavi anapofikia uzito wa kutosha. Inaelekea kwenye tezi iliyo kifuani, nyuma ya kichwa. Hapo inakutana na tatizo ambalo kila ujumbe wa aina yake hukutana nalo: seli imezungukwa na utando wa mafuta, na protini haiwezi kupenya. Lazima ibaki nje, na habari iingie bila mleta habari.

Namna jambo hilo linavyofanyika ni mojawapo ya mambo mazuri kuliko yote katika biolojia. Juu ya utando wa seli za tezi hiyo kuna kipokezi kiitwacho Torso, protini ndefu yenye kichwa nje na mkia ndani. Mwaka 2009 watafiti walionyesha, kwa kutumia inzi wadogo wa matunda, kwamba hicho ndicho kinachoipokea PTTH. Homoni inaposhika vichwa viwili vya Torso, mikia yao ndani ya seli husogeleana na kubandikana vipande vidogo vya fosfati. Fosfati hizo huvuta protini nyingine, ambazo huamsha protini iitwayo Ras. Ras huamsha Raf, Raf huamsha MEK, na MEK huamsha ERK, ambayo huingia hadi kwenye kiini cha seli na kugusa jeni zenyewe. Katika hatua kadhaa, protini moja iliyoamka huamsha nyingi. Molekuli chache zilizogusa utando kwa nje huishia kuitikisa seli nzima.

Mnyororo huo wa Ras, Raf, MEK na ERK haukuanza na viwavi, na haukuishia kwao. Msomaji anao ndani ya kila seli yake. Ndio unaopokea amri za ukuaji katika ngozi yake na utumbo wake, na Ras iliyoharibika, iliyokwama katika hali ya kuamka hata pasipo ujumbe, ni moja ya makosa yanayoonekana mara nyingi katika saratani za binadamu. Wanaotafuta dawa za saratani na wanaochunguza viwavi wanasoma ukurasa mmoja.

Tezi ya kifuani ikishaamka hutengeneza ujumbe wa pili, na huu ni wa aina tofauti kabisa. Unaitwa ekdisoni. Adolf Butenandt na Peter Karlson waliupata nchini Ujerumani mwaka 1954, baada ya kusaga takriban kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri. Mwisho wa kazi yote walibaki na miligramu 25 za fuwele. Ekdisoni ni steroidi, ndugu wa homoni za uzazi za binadamu, na hutengenezwa kutokana na kolesteroli. Hapa pana jambo la kushangaza: mdudu hawezi kujitengenezea kolesteroli. Kiwavi hulazimika kuchukua mafuta ya jamii hiyo kutoka katika majani na kuyabadilisha. Kwa hiyo ile amri itakayomteremsha mbinzo wa Tshopo imeundwa kwa malighafi iliyotoka katika jani la sapeli alilolitafuna.

Steroidi haibaki nje ya seli. Kwa miongo mingi ilidhaniwa kwamba inapenya tu utando, mafuta kwa mafuta. Mwaka 2018 ilionekana katika inzi wa matunda kwamba kuna protini maalumu inayoiingiza. Ikiwa ndani, inakutana na kipokezi chake kwenye jeni zenyewe, na jeni zinaanza kusomwa. Mwaka 1960 Ulrich Clever na Karlson waliliona jambo hilo kwa hadubini. Walimdunga ekdisoni buu wa usubi mmoja wenye kromosomu kubwa isivyo kawaida, na kabla ya saa kwisha sehemu fulani za kromosomu zilifura, zile zile zinazofura mdudu anapokaribia kugeuka. Ulikuwa ushahidi wa mwanzo kabisa kwamba homoni huweza kuzungumza na jeni moja kwa moja.

Ekdisoni hufika kila mahali mwilini kwa wakati mmoja, lakini seli hazijibu sawa. Vivyo hivyo wazee wa Kilokele, kwenye Mto Kongo karibu na Kisangani, walitangaza habari kwa ngoma ambayo mto mzima uliisikia, ingawa aliyetajwa tu ndiye aliyeondoka kwenda; John Carrington, mmisionari wa Yakusu, aliieleza lugha ya ngoma hizo katika kitabu chake cha mwaka 1949. Ndani ya kiwavi, misuli ya miguu ya tumbo inapoisikia ekdisoni hujiua kwa mpangilio, ikijikata vipande kwa vimeng'enya vyake yenyewe. Vifuko vidogo vya seli vilivyokaa kimya tangu utotoni huisikia ekdisoni hiyo hiyo na kuanza kukua kuwa mabawa. Tofauti iko kwa msikilizaji: aina ya kipokezi alicho nacho, na jeni zipi zilizo wazi kusomwa.

Lakini ekdisoni hutolewa pia kila kiwavi anapojivua ngozi ili akue, na nondo wengi wa jamii hii hujivua mara nne kabla ya kuwa pupa. Mbona hawageuki mapema?

Kwa sababu kuna ujumbe wa tatu. Vincent Wigglesworth, akifanya kazi London katika miaka ya 1930, aliunganisha damu za kunguni wakubwa wa Amerika Kusini wa umri mbalimbali. Mdudu aliyekuwa tayari kukomaa, akiunganishwa na mdogo wake, alijivua ngozi na kubaki mtoto, mkubwa kupita kiasi. Damu ya mdogo ilikuwa na kitu kinachozuia utu uzima: homoni ya ujana. Ikiwa nyingi, ekdisoni huleta kiwavi mkubwa zaidi. Ikitoweka, ekdisoni huleta pupa. Katika nondo waliochunguzwa maabara, kiasi kidogo tu cha ekdisoni kikija bila homoni ya ujana, kiwavi huacha kula, humwaga tumbo lake lote na kuanza kutembea kutafuta pa kujificha. Hao ndio mbinzo wanaoonekana kwenye shina la sapeli.

Homoni ya ujana iliwahi kuleta fumbo lililowasumbua watu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Karel Sláma alifika huko kutoka Prague katika miaka ya 1960 akiwa na wadudu wake wekundu, na ghafla wakakataa kukomaa. Walijivua mara moja zaidi ya kawaida, wakabaki watoto, wakafa. Maji, chakula, mwanga, vyote vilichunguzwa. Kosa lilikuwa kwenye karatasi iliyotandikwa chini yao! Karatasi za Marekani, hata gazeti la New York Times, ziliwazuia wadudu kukomaa. Gazeti la The Times la London halikuwadhuru. Mti uliotumika kutengeneza karatasi za Marekani ulikuwa na kemikali inayoiga homoni ya ujana ya wadudu wa aina hiyo. Mti huo umejifunza, kwa njia ya mageuzi ya vizazi vingi, kusema uongo kwa seli za adui zake.

Binadamu alijifunza uongo huo huo. Piriproksifeni, kemikali inayoiga homoni ya ujana, hutiwa katika baadhi ya vyandarua ili mbu jike aliyevigusa asizae; vyandarua vya namna hiyo vilikuwa miongoni mwa vilivyolinganishwa katika jaribio kubwa lililoanza mwaka 2019 wilayani Misungwi, Tanzania, ingawa vilivyoshinda vilikuwa vyenye dawa nyingine. Kemikali nyingine, tebufenozidi, huiga ekdisoni na kumlazimisha kiwavi ajivue ngozi kabla ya wakati hadi afe. Inasifiwa kwa kuwaacha salama nyuki na binadamu. Ni sifa ya haki, lakini msituni itabidi itazamwe kwa jicho jingine: ujumbe unaowaua viwavi wa mahindi unaeleweka pia na viwavi wa kuliwa.

Hatari kubwa zaidi kwa mbinzo wa Tshopo, hata hivyo, ni msumeno. Sapeli ni mbao ya bei nzuri, na kanuni za Kongo huruhusu ukatwe ukifikia unene wa sentimita 80, unene ambao mti huu huupata baada ya zaidi ya miaka 100. Mwaka 2018 Paluku Muvatsi na wenzake walichapisha utafiti uliouliza swali hili waziwazi: katika misitu yenye vibali vya mbao, viwavi wangapi watabaki kwa wanavijiji miti mikubwa ikishaondolewa? Kanuni zilizotokana na sheria ya misitu ya mwaka 2002 zinaitaka kampuni yenye kibali iandikiane na wakazi juu ya wajibu wake kwao. Katika maandishi hayo huzungumzwa shule, zahanati na barabara, na ni sawa. Miti ya mbinzo ya kila kijiji nayo inastahili kuhesabiwa, kupigwa alama na kutajwa humo, kabla fundi wa msumeno hajaingia msituni.