Chumvi ya Majimaji na Petroli Isiyo na Risasi

Mwanafunzi wa kidato cha pili akiulizwa chumvi ni dutu ya namna gani, hujibu bila kusita kwamba ni dutu mango yenye fuwele, iliyoundwa kwa ayoni, na isiyoyeyuka mpaka ipate moto mkali mno. Jibu hilo ni sahihi kwa chumvi ya mezani, ambayo huyeyuka katika nyuzi 801 za Sentigredi. Lakini si sahihi kwa chumvi zote. Mwaka 1914 mwanakemia Paul Walden alieleza habari za chumvi moja, ethilamonia naitreti, iyeyukayo katika nyuzi 12 tu. Ndiyo kusema, chumvi hiyo ikiwekwa kabatini Dar es Salaam au Mombasa itakaa chupani kama mafuta ya kupikia, pasipo kuganda.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilihesabiwa kuwa ajabu ya maabara tu. Siku hizi chumvi ziyeyukazo chini ya nyuzi 100 huitwa viowevu vya ayoni, na makala haya yanakusudia kueleza kazi moja zilizopewa katika utengenezaji wa petroli. Ili kazi hiyo ieleweke, hapana budi tuanze mbali kidogo, ndani ya injini ya gari.

Katika silinda, mvuke wa petroli na hewa hugandamizwa kisha huwashwa na cheche. Petroli duni haingojei moto wa cheche uifikie. Sehemu yake hulipuka yenyewe, injini ikagonga, nguvu ikapotea na pistoni zikaumia. Uwezo wa petroli wa kustahimili mgandamizo hupimwa kwa namba ya okteni. Mwaka 1921 Thomas Midgley, huko Marekani, aligundua kwamba kiasi kidogo cha kampaundi ya risasi, yaani tetraethili ya risasi, huzuia kugonga huko. Dawa ilikuwa rahisi, nayo ikaenea duniani kote. Lakini risasi haikuwa na pa kupotelea. Ilitoka pamoja na moshi, ikaingia katika vumbi la barabarani na katika damu za watoto, ambao akili zao hudhoofishwa nayo hata ikiwa kidogo sana.

Kilichoiharakisha risasi kuondoka ni kichocheo. Tangu magari ya mwaka 1975, Marekani ilianza kufunga katika bomba la moshi chombo ambacho mafundi wetu wa gereji hukiita masega. Jina hilo limefaa kabisa, kwani ndani yake mna kauri yenye matundu mengi membamba kama sega la nyuki. Katika masega yatumikayo leo, kuta za matundu hayo hupakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Juu ya madini hayo gesi zenye sumu hukutana na kubadilika:

2CO + O₂ → 2CO₂
2NO + 2CO → N₂ + 2CO₂

Madini yenyewe hayaliwi na mmenyuko. Huipa tu njia nyepesi ya kupita, mfano wa daraja ambalo watu huvuka nalo likabaki pale pale. Lakini risasi hufunika uso wa madini hayo, na matangi machache tu ya petroli yenye risasi yatosha kuyaua masega. Basi ilikuwa lazima kuchagua moja kati ya mawili. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliacha Julai 2021.

Sasa okteni itoke wapi? Waweza kuzidisha benzini na jamaa zake, lakini benzini husababisha saratani ya damu. Njia iliyo bora ni kutengeneza molekuli zenye matawi, kwa kuunganisha gesi mbili zipatikanazo katika kiwanda cha kusafisha mafuta, yaani aisobyuteni na byutini:

C₄H₁₀ + C₄H₈ → C₈H₁₈

Zao bora la mmenyuko huo ni aiso-okteni, ambayo namba yake ya okteni ni 100 barabara. Haina benzini wala salfa. Lakini mmenyuko huu nao wataka kichocheo, na kichocheo chenyewe ni asidi kali. Tangu miaka ya 1930 na 1940 viwanda vimetumia ama asidi ya salfuriki ama haidrojeni floridi. Ya kwanza huchafuka upesi, hata kila tani moja ya zao hula kilo 70 mpaka 100 za asidi. Ya pili huchemka katika nyuzi 19.5. Ikivuja siku ya joto hugeuka wingu, nayo ikigusa ngozi hupenya mpaka ndani na kuifunga kalsiamu ya mwili. Nilipokuwa nikisomea shahada yangu ng'ambo, hatukuruhusiwa kufungua chupa yake pasipo kuwa na dawa ya kalsiamu mkononi. Na chupa yetu ilikuwa ndogo. Viwanda huweka matangi.

Tarehe 21 Juni 2019, mjini Philadelphia, kiwiko cha bomba kilicholika kwa miaka mingi kilipasuka katika mtambo wa aina hiyo. Moto ukafuata, kisha milipuko. Kipande cha tangi chenye uzito wa tani 17 hivi kiliruka mpaka ng'ambo ya mto Schuylkill. Zaidi ya tani 2 za haidrojeni floridi zilivuja, ingawa sehemu yake ilinaswa na maji ya kunyunyizia, na kwa bahati njema hakufa mtu. Hapa pana jambo ambalo napenda walimu walisisitize darasani: moshi umesafishwa kwa ajili ya mtoto wa kando ya barabara, lakini hatari imehamia kwa jirani wa kiwanda.

Ndipo chumvi ya majimaji inapoingia. Ayoni za sodiamu na kloridi ni duara ndogo, nazo hupangika kama matofali. Kwa hiyo fuwele yake ni imara. Katika kiowevu cha ayoni, ayoni chanya huwa kubwa na isiyo na umbo la kupangika. Anayejaribu kupanga mafenesi ghalani kama matofali atalielewa jambo hili bila mwalimu. Na kwa kuwa ayoni huvutana kwa nguvu za umeme, ni shida kwao kuruka hewani, hata kiowevu hicho karibu hakina mvuke kabisa.

Kwa kazi ya petroli, huchanganywa kloridi ya byutilipiridini na alumini kloridi kwa wingi, ikatokea ayoni hasi Al₂Cl₇⁻ ambayo ni asidi kali. Kiowevu ni kizito kuliko petroli na havichanganyiki, hivyo zao huelea juu na kutengwa kwa urahisi. Kampuni ya Chevron iliondoa haidrojeni floridi katika kiwanda chake cha Salt Lake City na kuanza kutumia kichocheo hiki mwaka 2021. China ilikwisha kutangulia kwa kiowevu cha jamii hiyo hiyo, katika jimbo la Shandong.

Isidhaniwe kwamba mambo yote yamekwisha. Mafuta mazito hujikusanya katika kichocheo, nacho hakina budi kusafishwa mara kwa mara. Kadhalika kikikutana na maji hutoa haidrojeni kloridi, kwa hiyo kila kitu lazima kikaushwe kwanza. Wako waliovisifu viowevu vya ayoni vyote kuwa rafiki wa mazingira, eti kwa sababu havitoi mvuke. Mimi sikubaliani nao. Baadhi huua samaki vikiingia mtoni. Vingine, vyenye ayoni PF₆⁻, ambavyo wanakemia walivipenda sana hapo awali, huvunjika vikipata maji na joto, na miongoni mwa vitu vitokavyo humo ni haidrojeni floridi ile ile.