Programu ya bure iliyomkata mzee mguu

Rekodi zote mbili ni za wimbo uleule, wa mzee yuleyule, zilizonaswa kwa simu chini ya paa la mabati huko Kosele, Kaunti ya Homa Bay, mvua ikianza kunyesha. Ya kwanza ina mvua, ina jogoo, ina mtoto anayeitwa akale. Ya pili, nakala iliyosafishwa kwa kompyuta, ni safi kabisa. Lakini katika hiyo safi, mzee ni kama amekatwa mguu.

Anayeijua nyatiti, kinanda cha Waluo anachopiga mzee, anaelewa kwamba zile nyuzi nane ni nusu tu ya kazi. Kwenye kidole gumba cha mguu mpigaji huvaa oduong'o, pete ya chuma anayogonga nayo ukingo wa ala. Juu yake, mguuni, hufunga gara, njuga zinazochachatika kwa kila pigo. Mkono unaimba, mguu unaendesha. Programu ya kompyuta ilikuwa imeuacha mkono na kuufuta mguu.

Kijana aliyeisafisha rekodi hiyo hurekodi kwaya, harusi na ngoma za ohangla majumbani mwa watu. Hakutaka jina lake litokee hapa, kwani alianza kazi kwa nakala ya wizi ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, aliyopewa kwenye flashi pamoja na virusi vilivyokula harusi nzima ya mteja. Ndipo akahamia Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti inayotolewa bure tangu mwaka 2000 na isiyobagua kompyuta kuukuu.

Alinionyesha kosa lilipotokea. Unachagua sekunde chache za mwanzo, kabla wimbo haujaanza, unaiambia programu kuwa hiyo ndiyo kelele, kisha unaiamuru iiondoe kote. Kwa feni au jenereta inafanya maajabu, maana mvumo wake haubadiliki. Mvua hubadilika kila dakika. Tena mchachato wake juu ya mabati huenea kwenye sauti za juu, pale pale zinapokaa gara. Akaongeza nguvu, mvua ikapungua, njuga zikaenda nayo. Kisha akatumia kifaa cha kuondoa milio ya ghafla, kilichokusudiwa mikwaruzo ya santuri. Kikaiona oduong'o kuwa mkwaruzo.

"Mashine haijui mguu wa Jaduong'," akaniambia, akimtaja mzee kwa heshima ya Kijaluo, bila kuilaumu mashine.

Siku hizi hupunguza kelele kwa desibeli 6 hivi, basi. Mvua inayobaki anaiacha inyeshe. Hukata mngurumo wa chini kabisa, chini ya hezi 80. Na kabla ya yote hayo, huweka simu ya pili karibu na mguu wa mpigaji, kisha hupiga kofi moja kubwa ili baadaye azioanishe rekodi mbili kwa mlio huo. Hila hii ya kofi naihusudu kuliko programu yoyote.

Sasa anajaribu programu nyingine, Reaper, ambayo anaona ni nyepesi zaidi kwa kuchanganya rekodi nyingi. Majaribio ni siku 60, na leseni ya mtu mwenye kipato kidogo ni dola 60, yaani zaidi ya shilingi 7,000 za Kenya. Anaweka akiba. Hataki tena flashi ya mtu.

Ila wajukuu wa mzee wanaipenda ile rekodi isiyo na mguu. Wanasema inasikika vizuri kwenye simu. Ikisambaa hiyo, kijana atakayejifunza nyatiti kwa kusikiliza atajuaje kwamba mguu ulikuwapo? Na ikianza kuleta pesa, mgao wa mzee ni upi? Fundi wangu aliinamisha macho kwenye kompyuta. Yeye na mzee hawajaandikiana chochote.

Kwa anayetaka kuanza, Audacity inatosha, wala usimlipe mtu akuwekee. Rekodi kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, kama simu yako inakubali. Dakika moja ya stereo hula takriban megabaiti 10, kwa hiyo futa video zako kwanza. Na ile faili ya mwanzo, yenye jogoo na mvua, weka nakala yake mahali pengine kabla hujagusa kitu.