Je, Wajua? Lushoto, mji wenye lugha ya pekee

Wageni hupanda Lushoto kutembea milimani. Wengi hawajui kwamba njia zao hupita karibu na mojawapo ya lugha za ajabu kuliko zote duniani.

Ni lugha ya Wambugu, majirani wa Wasambaa. Ngeli na viambishi vyake ni vya Kibantu, vinafanana sana na vya Kipare. Lakini maneno yake mengi ni ya Kikushi, ukoo mmoja na Kisomali na Kiiraqw! Tena Wambugu wana Kimbugu cha aina mbili. Sarufi ni ileile, msamiati tofauti. Kimoja ni cha Kibantu kabisa; kingine, kiitwacho cha ndani, ndicho chenye maneno ya Kikushi. Wengi wao huongeza Kisambaa na Kiswahili. Mtoto wa mlimani hukua na hazina ambayo wanaisimu husafiri mbali kuja kuisikia.

Si lugha tu: ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya na Marekani lina asili katika milima hii ya Usambara. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alituma mbegu zake kwao. Wajerumani bado huliita kwa jina la Usambara. Porini, misitu yake inazidi kupungua.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, Lushoto iliitwa Wilhelmstal.

Kutoka Mombo, barabara ya Lushoto hupanda kwa kona kali kupitia Soni. Ukifika Irente, karibu na Lushoto, nyika ya Wamasai iko chini ya miguu yako.