Kabla ya Msingi, Tembea Hadi Ukingoni

Mwezi wa Julai mto Ntahangwa unavukika kwa kukanyaga mawe. Kiangazi ndipo wengi hupima viwanja Bujumbura, na ndipo mto unapodanganya. Shuka uyatazame mawe yenyewe: mengine watu wawili hawayainui. Yameletwa na maji kutoka milima ya Mumirwa.

Usiku wa Jumapili, Februari 9, 2014, mvua ya saa chache ilifurisha korongo la Gatunguru. Nyumba za Kamenge na Kinama zikabomoka, watu zaidi ya 60 wakafa. Ingekuwa mchana wa siku ya masomo, watoto wangekuwa madarasani. Ndiyo maana siikubali ripoti ya kiwanja cha shule isiyosema kuna nini huko juu mlimani.

Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mchanga na udongo laini. Ukingo wa namna hiyo hauliki kuanzia juu. Maji hutafuna chini, genge likabaki limening'inia, halafu siku moja bonge zima linaporomoka na ukuta wake. Dalili ni nyufa zinazofuata mkondo wa ukingo. Ukiona ufa kwenye ukuta wa darasa lililopo, upake plasta nyembamba, uandike tarehe juu yake. Plasta ikipasuka baada ya mvua, ardhi bado inatembea, na hapo hapajengwi.

Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika, na mita 25 kutoka mito inayomwaga humo. Lakini ukingo unahama, hasa pale watu wanapochimba mawe na mchanga mtoni. Pigilia vigingi, upime kila masika.

Linalosahaulika zaidi ni jengo jipya lenyewe. Bati la mita za mraba 400 likinyeshewa milimita 50 humwaga lita 20,000, yaani mapipa 100 ya lita 200, kwa mvua moja tu. Bila mtaro wa kuyafikisha salama, maji hayo hukimbilia ukingoni, na shule inajichimbia korongo kwa paa lake.

Kwa hiyo direkta wa shule na wazazi wamuulize mkandarasi kabla ya jembe la kwanza: maji ya paa hili yatapita wapi? Asiwajibu kwenye karatasi. Atembee nao mpaka pale yatakapoishia.