Kirusi Tulicho Nacho Karibu Sote: Epstein-Barr na Ugonjwa wa MS

Mtu mzima wa Kipawa akipimwa kingamwili dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr, karibu kila mara jibu litakuwa chanya. Litakuwa chanya kwa jirani yake, kwa muuza duka wa mtaani, na kwa mhudumu wa zahanati aliyemtoa damu. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu tangu mwaka 2022 habari zimeenea kwamba kirusi hiki kinahusika na ugonjwa wa sklerosisi anuwai, ambao wengi huuita kwa kifupi MS. Mgonjwa akionyeshwa karatasi yenye jibu hilo bila maelezo, huondoka akiamini kwamba amekwisha kupata ugonjwa, au kwamba atawaambukiza wanawe.

MS ni ugonjwa wa ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mayelini, yaani utando wa mafuta unaozifunika neva mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Utando ukichunika, taarifa kutoka kwenye ubongo huchelewa au hukatika njiani. Jicho hufifia, mguu hufa ganzi, mkojo huwa mgumu kuuzuia. Huanza zaidi kati ya miaka 20 na 40, na wanawake huupata kuliko wanaume. Makadirio ya mwaka 2020 yalitaja watu milioni 2.8 duniani.

Kirusi chenyewe kina historia ya hapa kwetu Afrika Mashariki. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya uliokua kwa kasi ya kutisha, akauandikia makala mwaka 1958. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyeanza kuomba vipande vya uvimbe huo visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wamekiona kirusi kipya kwa hadubini ya elektroni. Kikiisha kuingia mwilini hakitoki tena. Hujificha maisha yote ndani ya seli B, zilezile zinazotengeneza kingamwili. Seli hizo ndizo zilizokuwa zimegeuka saratani katika taya za watoto wa Uganda, na tutazikuta tena mbele.

Ushahidi wa mwaka 2022 ulitokana na damu iliyohifadhiwa ya watu zaidi ya milioni 10 waliotumikia jeshi la Marekani. Watafiti wa Harvard walichunguza wagonjwa 801 wa MS ambao damu yao ya kabla ya ugonjwa ilikuwapo. Katika kipimo cha kwanza, 35 hawakuwa na kirusi. 34 kati yao walikipata kabla ya dalili za MS kuanza. Waliokipata walikuwa na hatari mara 32 zaidi. Kirusi kingine kinachoenezwa pia kwa mate, saitomegalo, hakikuongeza hatari. Uzito wa utafiti huu umo katika mfuatano: maambukizi kwanza, ugonjwa baada ya miaka. Mwaka huohuo watafiti wengine walionyesha kwamba kipande cha protini ya kirusi kinafanana na protini iliyomo kwenye ubongo. Kinga ni kama mgambo anayemkamata mwenye nyumba kwa sababu sura yake yafanana na ya mwizi.

Basi kwa nini MS ni adimu kwetu, ilhali kirusi kimetuenea? Jibu moja lenye nguvu ni umri. Watoto wetu wengi hukipata kabla ya kufikisha miaka mitatu, tena bila dalili. Katika nchi tajiri wengi hukipata wakiwa vijana, wakaugua homa ya tezi, na homa hiyo huongeza hatari ya MS takriban maradufu. Urithi, uvutaji sigara, unene wa ujanani na upungufu wa vitamini D navyo vina sehemu. Kirusi ni sharti la ugonjwa. Peke yake hakitoshi. Lakini mimi siamini kwamba uadimu wote ni wa kweli. Ugonjwa unaohitaji MRI hauonekani pasipo MRI.

Chukulia dada wa miaka 28 anayeishi Kipawa. Jicho moja linafifia kwa wiki mbili, linauma akiligeuza, kisha linapona. Miezi minane baadaye miguu inalegea. Tukio la kwanza limeandikwa kliniki ya macho, la pili zahanati, na hakuna aliyeyaunganisha. Hapa kupima Epstein-Barr ni kupoteza fedha ya mgonjwa. Kinachohitajika ni historia kamili, kisha kuondoa yanayofanana: VVU, kaswende, kifua kikuu cha uti wa mgongo, upungufu wa vitamini B12, na hasa nyuromayelitisi optika, ambayo huzidishwa na baadhi ya dawa za MS. Kwa atokaye maeneo yanayotegemea muhogo mchungu, ulizeni pia juu ya konzo. Tarime ilikwisha kuupata mlipuko wake mwaka 1985.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka rituksimabu katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Dawa hii huzipunguza seli B, maskani ya kirusi, nazo zilizo kiungo kikubwa cha shambulio lenyewe. Kabla ya kuianza, pimeni homa ya ini B na kifua kikuu. Homa ya ini iliyolala huweza kuamka na kuua.

Kwa mgonjwa na jamaa zake: MS haiambukizi. Msimtengee kikombe wala sahani. Kirusi mnacho tayari, na chanjo yake bado haijaidhinishwa. Mwanamke mwenye MS aweza kuzaa, ila apange na daktari wake kwa sababu ya dawa. Na kila karatasi ya hospitali itunzwe, hata ile ya jicho lililopona lenyewe.