Nauli ya Watu Wawili: Macho, Matibabu na Msaada wa Fedha Tarime

Upofu huja na gharama ambazo wenye macho mazima hawazitambui upesi, na ya kwanza ni nauli, kwa kuwa asiyeona anayetoka kata ya Nkende, mjini Tarime, kwenda Hospitali ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza huhitaji msindikizaji, hivyo hulipia viti viwili kwenda na kurudi, hata pale matibabu yenyewe yanapokuwa yamesamehewa.

Si kila asiyeona, hata hivyo, amekwisha kupoteza macho yake moja kwa moja. Mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoifunika lenzi hata mboni ikaonekana nyeupe, huondolewa kwa upasuaji mfupi ambapo lenzi iliyochafuka hutolewa na kuwekwa ya bandia. Presha ya macho ni habari nyingine, kwani huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, mara nyingi bila maumivu, na dawa huzuia madhara yasiendelee lakini hairudishi kilichopotea. Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, husababishwa na bakteria wanaoenezwa kwa mikono, nguo na inzi, hasa katika jamii za wafugaji zenye uhaba wa maji. Maambukizi yakirudiarudia, upande wa ndani wa kope hupata makovu na kujikunja, nywele zake zikawa zinakikwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake huathirika zaidi kwa sababu ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Wengi huzing'oa nywele hizo kwa kibano, wakapata nafuu ya siku chache, kisha zikaota tena. Tiba ya kudumu zaidi ni upasuaji wa kope.

Kwa upande wa fedha, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawapa msamaha wa matibabu wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na kuendelea, na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), kupitia mpango wa kunusuru kaya maskini, umekuwa ukitoa ruzuku kwa kaya zilizotambuliwa. Halmashauri nazo zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Fungu hili la mikopo husifiwa mno kuliko linavyostahili, kwa sababu mkopo hulipwa, nao humfaa mwenye biashara au kikundi cha kuzalisha, ilhali bibi aliyepofuka uzeeni hana cha kuzungusha. Anachohitaji ni msamaha, ruzuku na nauli.

Afisa ustawi wa jamii ndiye anayeshughulikia msamaha, na afisa maendeleo ya jamii ndiye wa mikopo. Chama cha Wasioona Tanzania pia huwatetea wanachama wake. Lakini uchunguzi wa macho utangulie, kwa kuwa mtoto wa jicho aliyecheleweshwa kwa kawaida bado hufanyiwa upasuaji, ilhali uoni ulioibwa na presha ya macho haurudi, hata fedha zikipatikana.